Pigo Aliloachiwa Magatte

Jumapili alasiri, akina Diop wanapopiga ngoma za sabar kwenye uwanja wa mieleka wa Thiaroye, kando ya Dakar, sikiliza mwisho wa kila mzunguko. Ngoma ndogo zinakimbia, ya Mzee Matar inaziita zirudi, na pale ambapo ngoma nene ingejibu, hapana kitu. Ni muda mfupi tu, kama mtu aliyefungua mdomo kisha akameza neno. Wageni hawajui kama kuna kasoro. Sisi wa mtaani tunajua, na wapo wanawake ambao wakifika hapo katikati ya kucheza huacha mguu hewani, wakingoja.

Hapo palikuwa pa Magatte.

Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Matar, katika ukoo ambao kazi yake tangu zamani ni kupiga ngoma na kusifu watu. Jitu la mtu, mabega kama mlango. Kwenye ngoma alishika fimbo kwa mkono wa kulia na kupiga kwa kiganja kitupu cha kushoto, na alikuwa akicheka peke yake anapopiga, kama anayesikia jambo ambalo sisi hatujaambiwa. Kwa miaka yote hiyo aliwaona wapiganaji wakiingia uwanjani, wakivuma, wakihama mtaa. Sikumsikia akiwaonea wivu. Labda hata yeye mwenyewe hakujua kwamba anao.

Alikuwa na miaka thelathini na moja asubuhi ile alipopita ufukweni, mahali ambapo kocha Waly Ndiaye hufundishia vijana wake.

"We Diop!" Waly alimwita. "Njoo ushikane na Lahad, mwenzake wa mazoezi ana homa."

"Mimi mpiga ngoma, bwana."

"Na mlaji. Nyinyi akina Diop mna faida gani nyingine? Nataka gunia la wali lenye miguu, ingia."

"Ndiaye akikosa chakula hutukana jirani," Magatte alijibu akivua kanzu, na watu wakacheka, maana utani wa koo hizo mbili hauishi.

Lahad ndiye aliyekuwa nyota ya mtaa wetu. Magatte alikuwa amempigia ngoma tangu Lahad hajaota ndevu, na aliijua miguu yake kuliko Lahad mwenyewe: kabla ya kushambulia hukanyaga kwanza kisigino cha kushoto, kama anayesubiri pigo la ngoma. Magatte alingoja kisigino kile. Kilipogusa mchanga alimbeba Lahad na kumlaza chali.

"Kaka, umeniua!" Lahad alisema akiwa bado chini, anacheka. Wote walicheka. Magatte peke yake hakucheka.

Mkewe, Yande, alinihadithia jinsi alivyorudi nyumbani siku ile akakaa uani, mchanga bado mgongoni, chai ikipoa.

"Nimemwangusha Lahad," alimwambia.

"Haya, baba. Oga ule."

"Yande. Nimemwangusha Lahad."

"Ile mara ya pili ndiyo nilipaswa kuisikia," Yande aliniambia.

Akaanza mazoezi kwa Waly. Vijana wenzake walimwita mjomba, wakampisha kwenye maji ya kunywa kama anavyopishwa mgonjwa. Alikimbia kwenye mchanga laini akivuta tairi la lori, akatapika, akakimbia tena. Ulipomwuliza anafikiri nini, alikujibu kwamba atakuwa mpiganaji wa kulipwa, wa mieleka yenye ngumi, kwenye uwanja mkubwa wa Dakar, na alilisema kwa sauti ya chini, bila majivuno. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumcheka.

Mzee Matar alimwita sebuleni, sisi majirani tukiwepo.

"Umri huu wenzako wanaacha, wewe unaanza?"

"Baba, maisha yetu yote tunawasifu watu wengine."

"Ndiyo kazi yetu. Wao huanguka, sisi ndio tunaokumbuka nani alisimama."

"Nami nataka kukumbukwa."

"Na mkono huo? Ngumi moja ikiuvunja, utapigia nini? Ngoma na ngumi havikai kwenye kiganja kimoja. Chagua, mwanangu."

Magatte aliitoa fimbo yake mfukoni na kuiweka magotini pa baba yake. Mzee hakuigusa.

Jumapili iliyofuata, binamu yake Birane alikaa kwenye ngoma nene. Mzee alimwinua kwa macho tu. "Hapo pana mwenyewe," alisema. Wengi tulidhani ni hasira. Magatte hakuwepo kuyaona hayo. Tangu siku aliyoiacha fimbo hakukanyaga tena uwanjani Jumapili, alasiri alikuwa mazoezini ufukweni, mbali na sauti ya ngoma, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumtajia ngoma.

Miezi ilipita kabla Waly hajampatia pambano, na kijana wa mji wa Rufisque. Mwandaaji wa mapambano alimweleza wazi: "Ukishinda, nakupa mkataba, unapigana Dakar. Ukianguka, kaka, tusipotezeane muda. Kwa umri wako hakuna mara ya pili."

Siku yenyewe aliingia uwanjani kwetu Thiaroye na hirizi kwenye mikono na kiuno, mwili ukichuruzika maji ya dawa ambayo Yande alimmwagia chupa baada ya chupa, akisoma dua kwa midomo isiyotoa sauti. Kwetu mpiganaji hujisifu kabla ya kushikana. Huwataja mmoja mmoja aliowaangusha. Kijana wa Rufisque alitaja mpaka akakaukiwa na koo. Ikaja zamu ya Magatte.

"Mimi Magatte, mwana wa Matar! Nilimwangusha Lahad!"

Uwanja ukangoja.

"Halafu?" mtu akauliza.

"Lahad mwenyewe ana habari?" mama mmoja akadakia, na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Mtu aliyekuwa akiwatungia wengine sifa tangu utotoni, yake ilimalizika kwa pumzi moja.

Lakini alipocheza, kicheko kilikatika. Mpiganaji anapocheza hupigwa ngoma ndogo na ya Mzee tu. Nene huingia wapiganaji wanaposhikana. Alicheza kama mtu aliyerudi nyumbani, na Mzee Matar, kichwa ameinamisha, alimpigia bila kumtazama.

Kisha wakashikana. Nilikuwa nimesimama karibu na magunia ya mchanga yanayozunguka ulingo, kwa hiyo hakuna aliyenihadithia haya. Walipigana makofi ya kupimana, ngumi mbili tatu, halafu Magatte akapenya chini, akakamata kitambaa cha kiunoni cha yule kijana na kumnyanyua. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka ardhini. Waly alikuwa amekwisha kuinua mikono.

Mzunguko wa ngoma ukafika mwisho wake, na ngoma nene haikujibu.

Magatte aligeuza kichwa. Ni hilo tu alilolifanya. Aligeuka upande wa ngoma kama mtu aliyesikia mtoto wake ameacha kulia ghafla. Kijana akapata ardhi, akampiga ngumi ya sikio, akamsukuma kwa kifua. Mgongo wa Magatte ulifika kwenye mchanga kabla macho yake hayajatoka kwenye kile kiti kitupu cha ngoma nene.

Mzee alikuja mpaka pale alipolala.

"Baba, mbona hakuna mtu pale?"

"Ni pako."

"Ungemwachia Birane."

"Ni pako, mwanangu."

"Pangekuwa na mtu ningeshinda," Magatte alisema. Mzee alifungua mikono yake miwili, kama anayeonyesha hana silaha.

Waly anasema kijana yule angemwangusha tu, kwamba kila aliyeanguka ana sababu yake. Sijui. Niliona mguu ukiwa hewani.

Yande alikwenda kwa mkwewe kumsihi aweke mtu kwenye ngoma ile. "Kila Jumapili anausikia uwazi ule, Baba. Hata akijifungia chumbani anausikia."

"Nikimweka mtu mwingine nimemfukuza mwanangu," Mzee alijibu.

Na Magatte naye hakuweza kurudi kukaa kwenye ngoma ile. Kukaa kungekuwa kukubali kwamba aliondoka bure.

Sasa anaishi mji wa Mbour, zisikofika ngoma zetu, na mkewe na watoto. Asubuhi hushikana na vijana wa kambi ya mieleka ya huko wanapofanya mazoezi, mchana hupakua samaki. Ana miaka thelathini na sita.