Kitunguu Kimoja, Tokeni Moja

Bwana Clifford Ogden alinunua kitunguu kimoja, akalipa, akapokea tokeni yake, akaenda. Sijamaliza kuwahudumia wateja watatu, huyo karudi kwenye foleni na kopo la maharage. Aliporudi tena na pakiti ya majani ya chai, nikajua kuna jambo. Nami Janice, keshia wa kaunta namba nne kwa miaka kumi na tisa, jambo lisilonihusu ndilo hunikosesha raha.

Dukani kwetu kila anayelipa hupewa tokeni ya plastiki, kijani, ukubwa wa kifungo cha koti. Ujaze kitoroli au ununue kitunguu, tokeni ni moja. Karibu na mlango pana visanduku vitatu vinavyoonyesha ndani, kila kimoja na jina la kikundi cha hapa mjini, nawe unatumbukiza tokeni yako unakopenda. Baada ya miezi mitatu duka hutoa msaada: kisanduku kilichojaa zaidi hupata fungu nono, vingine viwili hugawana kilichobaki.

Safari ile kulikuwa na bendi ya tarumbeta ya watoto, kulikuwa na Chakula cha Alhamisi, ambapo wazee hulishwa mchana kwenye ukumbi wa kanisa, na kulikuwa na hospitali ya kalunguyeye, wale wanyama wadogo wa miiba wanaogongwa na magari. Kisanduku cha kalunguyeye kilibandikwa picha ya mgonjwa mmoja mwenye bendeji mguuni. Hebu wewe mzee wa miaka themanini shindana na hiyo.

Bwana Ogden alikuwa mpeleka barua wetu kwa miaka thelathini na minane. Alijua mlango gani una mbwa, na mlango gani una mjane anayetaka maneno mawili kabla ya barua yake. Alistaafu akapanda viazi, na viazi vilikuwa vinamwendea vizuri, mpaka mkewe Audrey alipopigwa na kiharusi. Tangu hapo Audrey ni wa kiti cha magurudumu, na maneno humtoka moja moja. Siku yake ya kutoka ni moja tu kwa wiki, Alhamisi, linapomjia basi dogo la Chakula cha Alhamisi, lenye lifti ya kuinulia kiti. Na lifti hiyo ndiyo ilikuwa inakata roho. Fundi alishasema: isipobadilishwa kabla ya Juni, basi lisibebe tena mtu wa kiti. Mji mzima tulizijua habari hizo, na kwamba fungu nono la duka ndilo pekee lingetosha lifti mpya.

"Mzee, si ununue vyote kwa mara moja?" nilimwambia siku ile aliporudi mara ya tano.

"Nimesahau."

"Umesahau mara tano?"

"Uzee huo, binti. Ngoja zamu yako ifike."

Nyuma yake foleni ilikohoa. Kwetu watu hawagombani kwenye foleni, wanakohoa tu.

"Mwache mzee wa watu," alisema Shabana wa kaunta ya tano. "Kwa tokeni hizo anampigania mkewe. Wewe ungefanya nini?"

Kumbe ni hivyo, nikaona haya. Na kweli, tokeni zote alizitia kwenye Chakula cha Alhamisi, na baada ya wiki tatu kisanduku chao kilikuwa juu ya vingine kwa kiganja kizima. Halafu kikasimama. Wiki nzima hakikupanda hata kidogo, huku kalunguyeye wakijaa. Sikuelewa.

Jumatatu iliyofuata ndipo niliposhika kichwa. Bwana Ogden alinunua maziwa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatumbukiza tokeni kwa kalunguyeye. Akarudi na mkate, akatia kwa bendi. Akarudi na jibini, akatia kwa kalunguyeye tena!

"Umeona?" nilimnong'oneza Shabana.

"Nimeona. Kagombana na wapishi wa kanisani, huyo."

"Kwa nini?"

"Nani ajuaye? Labda wamemnyima rojo."

Nilimuuliza mwenyewe. Akaniambia anawapenda kalunguyeye, na wala hakunitazama machoni. Siku kumi mfululizo alifanya hivyo. Mwanamume anayejaza visanduku vya washindani wa mkewe! Nilikasirika, nasema kweli. Mwenzio yuko kwenye kiti, wewe unalisha bendi?

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya mapumziko, nikaenda kanisani kujionea. Kulikuwa na manyunyu. Basi lilisimama, lifti ikamshusha Audrey nusu ya njia, ikagoma. Akabaki hewani na kiti chake, hayuko juu hayuko chini, wanaume wawili wakihangaika na vyuma, na Bwana Ogden amemnyooshea mwavuli mpaka yeye mwenyewe akalowa chapa. Hakuonekana kama mtu aliyegombana na yeyote. Ndani nilimwona Audrey akila pai ya nyama na viazi, mwenzake wa kulia akamwambia kitu, akacheka mpaka akashika meza. Sikujua kama bado anaweza kucheka vile.

Sasa, kuna tokeni ambazo wateja wenye haraka huziacha kaunta. Hizo ni zetu makeshia, tutie tunakotaka. Mimi kwa kawaida hutia kwenye kisanduku kilicho nyuma, kwa haki tu. Ijumaa, kwa huruma, nilikusanya za wiki nzima, zangu na za Shabana, kikombe kilichojaa, nikazimimina zote kwenye Chakula cha Alhamisi. Wazee wakawaruka wengine wote. Nilijisikia mtu mwema kweli.

Jumamosi Bwana Ogden aliingia, akaviona visanduku, akasimama kama aliyepokea telegramu ya msiba. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nikasema, nikingoja shukrani.

"Lo, Janice! Umenimaliza."

"Nimekumaliza vipi? Mko wa kwanza!"

"Ndiyo hasa!" Akainama juu ya kaunta yangu. "Nimewapelekea barua watu hawa maisha yangu yote, nawajua. Hawampi anayeongoza. Wakiona mmoja kabaki nyuma, mioyo inawauma, mikono inakwenda yenyewe. Nilipokuwa najaza chetu, walihamia kwa wengine wote. Nilipojaza vya wengine, wakatuonea huruma. Tulikuwa nyuma vizuri kabisa! Imebaki wiki moja, na wewe umetupandisha juu."

Nilikumbuka mkono wangu mwenyewe na kisanduku cha nyuma, miaka yote ile.

Na ikawa alivyosema. Wiki nzima tokeni zilikwenda kwa kalunguyeye na kwa bendi. Wateja niliowajua kuwa mama zao hula pale kanisani walitazama kisanduku cha wazee, wakasema, "Aa, hawa wameshatosheka," wakawapa kalunguyeye. Kufika Jumamosi ya mwisho kalunguyeye walikuwa wanaongoza kwa vidole viwili. Bwana Ogden alishachoka. Nyumbani kwake, aliniambia, kuna vitunguu vya kutosha jeshi.

Siku hiyo ya mwisho alikuja akimsukuma Audrey. Alikuwa amekataa kubaki nyumbani, na kutoka kwao mpaka dukani ni mlima mtupu. Walinunua siagi. Tokeni nilimpa Audrey mkononi. Foleni yangu ilikuwa ndefu, na watu wote walimgeukia mwanamke yule kwenye kiti, anayesukumwa taratibu mpaka kwenye visanduku. Bwana Ogden alimsogeza mbele ya Chakula cha Alhamisi. Audrey akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono wake ulio mzima, akatumbukiza tokeni yake kwa kalunguyeye.

Dukani hakukusikika hata kikohozi. Kisha mteja wangu wa kwanza akachukua tokeni yake, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha wazee. Wa pili naye, na wa tatu. Mwanamume mmoja aliyeshalipa zamani alirudi kununua ubani wa kutafuna ili apate nyingine. Mpaka tunafunga, hakuna hata mmoja aliyetia kwingine.

Mei ilipokwisha nilikwenda tena kanisani. Lifti mpya ilimshusha Audrey bila hata kutetemeka. Swali lilikuwa limenikaa moyoni wiki zote zile, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama Audrey, niambie kweli. Ile tokeni uliyowapa kalunguyeye ilikuwa hila ya mzee, mlipanga?"

Bwana Ogden akatikisa kichwa: hakuwahi kumwambia lolote. Audrey alinitazama muda mrefu, akiyatafuta maneno, kisha akayapata.

"Wana miguu mifupi," akasema, "maskini."