Tuliyemwacha Upande wa Pili wa Shimo

Siku ile tulikuwa tunakata nepia, nyasi za kulisha ng'ombe, kule Subukia, kwa shamba la Kogo, nyanya yake Kiprop. Jua lilikuwa kali hadi kuku walitembea kwa ncha za vidole. Tulikuwa watatu, na hata mmoja wetu hakuwa amefika miaka ishirini. Kiprop mwenyewe, ambaye angemtambua ng'ombe yeyote wa nyanya yake kwa kikohozi tu. Akinyi, jirani yangu wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, aliyekuwa na mdomo wa kutosha mtaa mzima na akiba ikabaki. Na mimi, Mwas, niliyekuja eti kusaidia, lakini kazi yangu kubwa ilikuwa kumaliza chai ya Kogo.

Chini ya shamba kulikuwa na shimo pana la mviringo, limejaa nyasi. Mashimo kama hayo yapo mengi pande zetu. Husemwa yalikuwa mazizi ya watu wa kale waliofuga hapa kabla yetu sote. Ndama mmoja akaingia humo akapotea. Sisemi alijificha. Alipotea. Tukamfuata, na tulipofika katikati, nyasi hazikuwepo tena. Tulikuwa tumesimama juu ya samadi mbichi, ndani ya zizi, tumezungukwa na ng'ombe elfu moja. Haya, labda arobaini. Na mama mmoja aliyevaa ngozi alikuwa ametuelekezea mkuki.

"Sasa, mathe," Akinyi akamsalimu.

Mkuki haukushuka hadi Kiprop alipomwamkia kwa Kikalenjin. Mama yule aliitwa Tapkigen na zizi lilikuwa lake. Lugha yake ilikuwa ile ya Kiprop, lakini iliyozeeka sana. Kiprop alishika neno moja kati ya matatu, mengine akakisia.

Polepole tukaelewa. Shimo lile lilikuwa mlango kati ya siku zake na siku zetu. Na kulikuwa na mtu ambaye yeye na watu wake walimwita Mkausha, aliyekuwa akilitafuta. Kila alikopita na wapiganaji wake, viwele vilikauka, chemchemi zikakauka, na watoto wakalia bila machozi. Alikuwa amemaliza nchi yake yote. Sasa alitaka zizi la Tapkigen, apitie humo atokee kwa Kogo, na kutoka kwa Kogo hadi Nakuru, na kutoka Nakuru hadi kwako wewe unayesoma.

Tungeweza kurudi nyumbani tukanyamaza. Badala yake tulirudi kila Jumamosi. Tuliwapelekea mahindi, chumvi, majembe, na wilbaro moja ambayo walimtungia wimbo kama fahali. Tuliinua kuta za zizi kwa udongo na mawe hadi mimi, niliyekuwa na mikono laini kama ya mtoto wa waziri, nikaota sugu juu ya sugu.

Tapkigen alitupenda, na hakuficha. Kiprop alikuwa mwembamba, jambo lililomuuma yule mama kuliko Mkausha mwenyewe. Kila tulipofika, kibuyu cha kwanza cha maziwa kilikuwa cha Kiprop, na alisimamiwa hadi akimalize.

Nyumba yao ilishikana na zizi, na mlango wake ulifungukia humo ndani. Jioni, mtu wa mwisho aliingia na mifugo, akalifunga lango kubwa kwa ndani, wakalala wote nyuma ya lango moja.

"Yaani mnalala na ng'ombe?" Akinyi aliuliza.

Kiprop alitafsiri. Tapkigen akashangaa kweli kweli. "Kwani nyinyi mnawaacha nje peke yao? Wamewakosea nini?"

Tulicheka hadi ndama wakaamka.

Jumamosi ambayo siisahau, vumbi lilionekana mchana, ng'ombe wakiwa bado malishoni. Vijana wa Tapkigen walikuwa mbali, nyuma ya kilima. Kiprop akatoka nje kuita ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina, bila kukosea hata jina moja. Wakaja mbio. Mimi na Akinyi tuliwapokea langoni.

Vumbi lilikaribia. Tuliona mikuki ndani yake.

Wa mwisho alikuwa ng'ombe mwenye mimba, mzito. Kiprop alimsukuma kwa bega hadi akapita.

"Funga!" Tapkigen akapiga kelele.

Kiprop akageuka. Mikono yake ikafanya kile ilichofanya kila jioni tangu utotoni. Akavuta lango, akapitisha miti mahali pake, akakaza kamba.

Kwa nje.

Kwa Kogo, lango la ng'ombe hufungwa kwa nje, halafu unaenda nyumbani kula.

Nilimwona kupitia mwanya. Aliitazama ile kamba, akaitazama mikono yake, akacheka kidogo.

"Aki Mwas, ona huu ujinga."

"Fungua! Ingia!"

Alitazama nyuma. "Nikifungua, wanaingia na mimi."

"Kiprop, wacha mchezo," Akinyi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Shikeni upande huo," akasema. Akaegemeza mgongo wake kwenye lango.

Tukashika. Mgongo wake upande ule, viganja vyetu upande huu.

Hapa siongezi chumvi. Lango lilitikisika. Likatikisika tena. Halikufunguka.

Vijana wa Tapkigen walishuka kilima wakawapiga wale watu kutoka nyuma, na mambo yakaisha. Mkausha alianguka hatua chache kutoka langoni. Nilikuwa nimetarajia jitu lenye pembe. Alikuwa kizee kidogo, midomo imepasuka kwa kiu.

Kiprop alikuwa bado ameegemea. Tapkigen alipanda juu ya wilbaro, akavuka ukuta, akashuka nje, akaifungua kamba mwenyewe, taratibu, asije akamwangusha.

Walimlaza kwenye tuta la samadi kando ya lango, mahali wanapozikwa wazee walioheshimika. Mmoja wa vijana alisema huyu bado ni kijana. Tapkigen akamjibu, "Amefunga lango langu. Ni mzee."

Tulirudi tukiwa wawili, na nyuma yetu shimo likawa nyasi tu. Halijafunguka tena. Kituo cha polisi kilituambia turudi tukiwa na hadithi nyingine. Tangu hapo nimesoma shule ya jioni hadi nikafaulu historia, na bado sijui nijibu nini mtu akiniuliza kama ilifaa. Bonde zima linakunywa maziwa. Akinyi ana watoto wawili wenye kelele. Kogo hana mjukuu.

Tulimweleza Kogo yote siku ile ile. Hakuuliza habari za Mkausha wala za mlango.

"Alikuwa amekula?" aliuliza.

"Ndiyo, Kogo. Yeye ndiye aliyepewa maziwa ya kwanza."

Akachukua fimbo yake. "Walimlaza wapi?"

Tukampeleka. Tuta lilikuwepo, chini kidogo ya shimo, limemea nyasi nzuri kuliko shamba lote. Kwa hesabu ya kule, Kiprop alikuwa amelala hapo mamia ya miaka. Kwa hesabu ya Kogo, alikuwa ametoka nyumbani asubuhi.

Juu ya tuta alikuwa amefungwa ng'ombe, anakula. Kogo alimfungua, akamvuta polepole hadi upande mwingine wa shamba, akamfunga huko. Kisha akarudi, akaketi.