Kila Shimo na Udongo Wake

Nyumba yangu ya kwanza kujenga ilikuwa ya muuguzi mstaafu wa Katoro. Wanawe walitaka matofali ya kuchoma, yeye alikataa. Alikuwa ametibu vifua vya wachoma tanuri miaka mingi, na miti ya kuchomea aliiona ikiisha. Akanikabidhi mimi, binti wa Ngokolo niliyetoka chuoni juzi, nimjengee kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, yasiyoingia motoni. Yangepasuka, wanawe wangecheka, na mtaa mzima ungerudi kwenye tanuri.

Mimi ni mtu wa kuhoji. Nilihoji paa, madirisha, hata upepo unakotoka. Udongo niliupima mara moja tu, wa shimo la kwanza: niliutikisa na maji ndani ya chupa, mchanga ukatulia chini, mfinyanzi juu. Nikaridhika: mchanga ulitosha kuzuia matofali yasipasuke yakikauka.

Shimo hilo lilipokwisha tulihamia la bondeni. Siku ya pili pale, mama mmoja aliyekuwa akichota udongo alisimamisha kazi. Zamani aliosha mchanga wa dhahabu machimboni. Alitia konzi mbili kwenye karai, akazungusha maji, akayamwaga taratibu. Mchanga uliobaki haukujaza hata kiganja.

"Injinia, hili shimo umelipima?"

"Nilipima lile la juu."

"La juu!" Akawageukia wenzake. "Huyu angekuwa mchimbaji angekufa njaa. Mwanangu, dhahabu ya shimo la jirani ni ya jirani."

Sikumwamini. Niliutia udongo uleule kwenye chupa yangu. Asubuhi mchanga ulikuwa mstari mwembamba kama uzi. Juu yake mfinyanzi mweusi mtupu. Nikafunua majani tuliyofunikia matofali ya juzi. Pembe zilikuwa zimeanza kupasuka.

"Chupa imesemaje?" mama wa karai akauliza.

"Imekubaliana na karai."

"Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilikwenda kwa muuguzi, nikamwambia matofali ya siku mbili yanatupwa na tunatafuta shimo jingine.

"Umegundua kabla ya kujenga ukuta, au baada?"

"Kabla."

"Basi nenda kachimbe."

Mvua zimeshapita juu ya nyumba ile mara kadhaa. Nikifika Katoro humwamkia muuguzi, kisha nazunguka nje nikipapasa kuta, nikitafuta ufa. Yeye hukaa kibarazani akinicheka. Ufa sijauona bado. Karai ninalo kwenye gari, na udongo wa kila shimo nauosha humo kwanza.