Kazi Yangu ya Kwanza Kwenye Kamati ya Soko

Jamani, leo nimemfungia mama mkwe kibanda.

Asubuhi kamati ya soko letu hapa Kondele ilikuwa inatafuta mweka hazina mpya, yule wa zamani amehama. Mama mkwe, anayeuza samaki wadogo wa omena hapo, ndiye alinipendekeza, tena kwa sauti kubwa. Kura zikapigwa, nikapita.

Hata sijakaa vizuri, mwenyekiti akaniambia, "Mama, anza na wale hawajalipa ushuru. Funga."

Wa kwanza alikuwa mama mkwe!

Nilifika kwake. "Mama, pole, wamenituma..."

Akafunika omena yake, akanipa kufuli mwenyewe. "Funga. Watu wasiseme nilikupigia kura ndio unifiche."

Akaenda bila kuniaga.

Sasa hivi simu inaita. Ni yeye.

Nishike ama niache?