Soya ya Bwawa la Tatu

Hebu mwone anavyoingia. Ni saa moja kasorobo asubuhi, lango la chuma limefunguliwa nusu, na mama mmoja mfupi, mabuti ya mpira yakimpwaya, anapita ubavu ubavu kama mtu anayenyata asimwamshe mtoto. Nyuma yake wanakuja paka. Wamepanga mstari, mikia juu, kama wako kwenye gwaride. Mlinzi anasimama wima na kupiga saluti, ila ukimtazama vizuri utaona saluti ni ya paka.

"Shemeji, leo wajumbe saba tu!"

"Jana walikuwa tisa. Wawili wameomba ruhusa, wana udhuru."

Huyo ndiye Bi Vumba. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limo kwenye kitambulisho chake, linapumzika. Mtaani, kazini, hata kwa wakwe zake, ni Bi Vumba, kwa sababu miaka kumi na moja amechanganya chakula cha samaki kwenye shamba lenye mabwawa tisa, na chakula hicho nusu yake ni dagaa waliosagwa. Ukisaga dagaa kila siku, vumba halikai kwenye nguo tu. Linaingia kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye noti unayomlipa nayo muuza mkaa. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa akisema hahitaji saa: harufu ikipita kona ya mtaa anajua ni saa kumi na moja, anabandika chai.

Chumba chake cha kazi ni kidogo. Kuna mashine ya kusagia, kuna pipa la kuchanganyia, kuna mashine nyingine inayotoa chakula kama tambi nene, halafu trei za kuanikia ambako zile tambi hukauka na kuvunjwavunjwa kuwa punje. Ukutani kuna mizani, na chini ya mizani kuna stuli ambayo yeye peke yake hukalia. Humo ndani yeye ndiye waziri na yeye ndiye mfagizi. Na anakipenda chumba kile, jamani! Anakipenda mpaka ukimkuta anaongea na ile mashine usishangae. "Amka bibi, kumekucha, acha madaha."

Sasa, mwaka ule dagaa wakaanza kuleta visa. Lori lililokuwa likija kila wiki likawa linakuja likijisikia. Na magunia yakija, ndani yake kuna mchanga. Bi Vumba aliweka kiganja kimoja kwenye ungo, akapepeta, akabakiwa na mchanga wa kujengea choo. Bosi mwenye shamba akakuna kichwa. Siku ya pili akaja na habari: kiwanda fulani kinauza punje zilizokwisha tengenezwa, unafungua mfuko unamwaga bwawani, basi.

"Na mimi?" akauliza Bi Vumba.

"Wewe utarudi kusugua mabwawa. Kazi ipo, usijali."

Alisugua mabwawa miaka miwili kabla ya kupewa chumba. Anajua utelezi wake. Anajua na mgongo wake. Akavua glavu.

"Bosi, nipe soya."

"Soya?"

"Soya. Maharage ya soya. Bwana samaki alipokuja kutupa mafunzo alisema perege si simba, anakula mimea akinenepa vilevile, ilimradi soya ikaangwe kwanza. Mbichi inamsumbua tumbo. Wewe nipe bwawa moja."

Bosi ni mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, au tuseme alikuwa hivyo wakati huo. Akafikiri. Akampa bwawa la tatu, wiki kumi, na sharti moja: bwawa la nne, lililo na samaki wa umri uleule, litaendelea na unga wa dagaa uliokwisha sagwa, na mengine yatakula punje za kiwandani. "Wiki ya kumi tunavuta nyavu, tunapima. Wa soya wakipungua hata gramu moja, nafunga chumba."

"Hata gramu moja?"

"Hata moja."

Bi Vumba akakubali haraka, Bosi asije akabadili mawazo.

Ee bwana wee, soya ile! Alipata pipa la chuma lililokatwa ubavu, akalilaza juu ya mafiga nje ya mlango, akakoleza kuni, akamwaga soya, akaanza kukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Robo saa haikupita, shamba zima likanukia. Karani akatoa kichwa dirishani. Mlinzi akaacha lango. Hata yule Bosi, aliyekuwa akigomba na mtu kwenye simu, akasema "nitakupigia." Ilikuwa harufu ya kitu kati ya karanga na kahawa, harufu inayokufanya ukumbuke kwamba hujala, hata kama umekula sasa hivi.

Soya ikiiva aliimwaga kwenye turubai safi, hapo hapo kando ya njia itokayo langoni kwenda ofisini, ipoe mpaka mchana. Halafu anasaga, anachanganya na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, anatia mafuta na vitamini, anapitisha kwenye mashine. Samaki walipomwagiwa punje za kwanza walizunguka mara mbili kama watu wanaoangalia bei, kisha wakazivamia. Bi Vumba alipiga kigelegele peke yake, kilichomtisha kunguru.

Na mambo yakawa raha juu ya raha. Wiki ya pili paka walimsindikiza watano. Wiki ya tatu, wawili, na hao nadhani walikuja kwa mazoea. Wiki ya nne alipita langoni peke yake, mlinzi akamzuia.

"Samahani mama, unamtafuta nani?"

"Nitakupiga na buti hili, shemeji."

"Sauti naifahamu, lakini harufu siyo."

Nyumbani mumewe aliunguza chai mara mbili kwa kupoteza majira. Kwenye kikao cha wanawake wa mtaa alikaa katikati, si mlangoni, na hakuna aliyefungua dirisha.

Halafu ikaja wiki ya tano, wakavuta nyavu kupima nusu ya safari. Samaki wa mabwawa yote mawili walianza na gramu sitini. Karani akasoma: "Bwawa la nne, wastani gramu mia na hamsini. Bwawa la tatu…" Akasita. "Dada, mia na ishirini na moja."

Bosi alimtazama tu, akatia mkono mfukoni, akaondoka akitafuna.

Bi Vumba alirudi nyumbani miguu mizito kama amevaa mabuti mawili kila mguu. Alipiga hesabu zote upya njiani. Soya alikuwa akiipima mwenyewe ikiingia, kilo kwa kilo, kama alivyopima dagaa miaka yote. Ikishakaangwa ilipungua, naam, lakini kitu kikikaangwa si maji yanatoka? Akafika, akaketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu. Mumewe alikuwa juu ya cherehani, anafumua suruali.

"Mama watoto, hivi huko kazini kwenu mnalishana nini?"

"Niache, Fundi. Leo sina meno ya kuchekea."

"Siyo utani. Hii suruali ya nani unadhani? Ya Bosi wako. Ya tatu hii! Mwezi uliopita kiuno inchi thelathini na mbili, leo thelathini na tano, nafumua mshono mpaka nguo imeniishia. Mlinzi naye kaleta sare yake juzi, anasema imeruka maji. Nikamwambia sare hairuki maji upande wa tumbo. Na yule karani wenu sketi…"

"Subiri. Rudia."

"Nirudie wapi? Kwenye sketi?"

"Mifukoni! Mifukoni mna nini?"

Fundi akaigeuza suruali ya Bosi juu chini, akaikung'uta. Zikamwagika sakafuni, ta-ta-ta-ta, punje za soya za rangi ya dhahabu, zimekaangwa vizuri, nyingine zimeganda na nyuzi za mfukoni. Bi Vumba akaokota moja, akaitafuna.

"Samaki wangu," akasema. "Wamenilia samaki wangu wakiwa bado wadogo."

Kisha kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kigodani, fundi naye akacheka bila kujua anachocheka, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba. Maana mnaona kosa lilipokuwa? Miaka kumi na moja, hakuna binadamu aliyewahi kudokoa unga wa dagaa. Nani adokoe? Ukishapimwa umepimwa. Soya nayo aliipima ikiwa mbichi, akaianika njiani, na kila aliyepita alichota kiganja. Mlinzi anapoingia, karani anapotoka, Bosi anapokwenda na anaporudi. Kilichofika kwenye mashine kilikuwa pumba nyingi na soya kiduchu.

Lakini utamwambiaje Bosi wako kwamba mwizi ni yeye? Bi Vumba hakumwambia. Alianza tu kupima soya ikiwa imeshakaangwa, akaimwaga ndani ya pipa, akaweka mfuniko, na juu ya mfuniko akakaa yeye mwenyewe mpaka ipoe.

"Shemeji, si utaungua?"

"Pita."

"Dada, kiganja kimoja tu, nina njaa mpaka…"

"Pita, mpenzi. Pita."

Bosi naye alipita mara nne siku ya kwanza, akikohoa. Mara ya nne alisimama, akasifia hali ya hewa. Bi Vumba akakubali kwamba hewa ni nzuri, hakunyanyuka.

Wiki ya kumi wakavuta nyavu. Shamba zima lilikuja ukingoni, na fundi cherehani akafunga duka akaja na mkoba wake. Wakapima samaki thelathini wa bwawa la nne: wastani gramu mia mbili sitini na mbili. Wakapima thelathini wa bwawa la tatu. Karani akagawanya, akagawanya tena, akalamba kalamu.

"Mia mbili hamsini na nne."

Pungufu gramu nane. Ukasikia samaki wakipiga mikia kwenye ndoo.

"Tulisema hata gramu moja," akasema Bosi polepole, na kusema kweli alionekana hapendi maneno yake mwenyewe.

"Tulisema," akajibu Bi Vumba. "Ila Bosi, nusu ya kwanza walinenepa gramu sitini na moja, wenzao tisini. Nusu ya pili hawa wa soya mia thelathini na tatu, wenzao mia na kumi na mbili. Umejiuliza katikati hapo palitokea nini?"

"Nini?"

"Nilikalia pipa." Akanyoosha mkono kwa mumewe. "Fundi, nipe tepu. Na lile daftari la vipimo."

Alimsogelea Bosi, akamzungushia tepu kiunoni mbele ya watu wote, kwa heshima, kama anampima suti ya harusi. "Thelathini na sita! Daftari linasema wiki ya kwanza ulikuwa thelathini na mbili. Mlinzi, njoo. Wewe karani usijifiche nyuma ya ndoo. Bosi, hizi gramu nane hazikupotea. Zimesimama hapa, zimevaa mkanda. Kama soya hainenepeshi, hii ni nini?"

Mlinzi ndiye aliyeanza, alicheka akakalia ndoo ya samaki. Karani akafuata. Bosi alijitahidi kukaza uso, akakaza, akakaza, kisha kifungo cha suruali kikamsaliti, kikaruka, kikaingia bwawani, na perege mmoja akakiwahi akidhani ni chakula. Hapo hakuna aliyebaki wima.

"Chukua mabwawa yote tisa," akasema Bosi akijifuta machozi, mkono mwingine umeshika suruali. "Chumba ni chako. Lakini mabwawa tisa ni mapipa tisa, na wewe makalio unayo mamoja. Tutajenga stoo ya soya iliyokaangwa, iwe na kufuli. Ufunguo mmoja."

"Nipe mimi," akasema mlinzi upesi. "Ulinzi ndiyo kazi yangu."

"Wewe uliyepasua sare?" akasema karani. "Nipewe mimi, naandika kila kitu."

"Ni stoo yangu," akasema Bosi, akiwatazama wale wawili kwa zamu.

Wote wakamgeukia Bi Vumba. Naye alikuwa ametazama pembeni, shavu moja limevimba kidogo, akimeza kitu haraka haraka, maana mchanganyaji lazima aonje kila mpiko, na siku hiyo kulikuwa na mpiko.

Sasa wewe uliyeyasikia yote haya, ungekuwa ukingoni pale, ufunguo ungempa nani?