Mizizi Chini ya Bwawa la Mutahi

Mume wangu, Injinia Mutahi, alizaliwa mwaka wa 1943 katika vilima vya Othaya, na mwaka juzi tukamzika huko huko. Alisomea uhandisi Nairobi, akachora mifereji ya maji kuanzia Karatina hadi Kianyaga, akalea watoto wanne, akawa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini na minane. Hakuwahi kuonja pombe wala hongo. Hayo yote yalisomwa siku ya mazishi. Lililoachwa bila kusomwa ni bwawa, na bondeni chini ya bwawa hilo wanaishi zaidi ya watu mia mbili.

Kanisa letu lilianza kulijenga mwaka wa 1977. Mutahi alilichora bila malipo. Mahali ambapo tuta la udongo lingepita palisimama mugumo, mti ambao zamani wazee walisali chini yake. Waumini waliukata kwa nyimbo. Lakini Mutahi alipowaambia wachimbue mizizi yote, majembe yalisita. Hata aliyebatizwa hakutaka kuwa wa kwanza kuingia chini ya mti ule.

Baba yangu, Mzee Kinuthia, alikuwa mwenyekiti. Alisema mbele ya watu wote, "Injinia, fukia. Mzizi ni kuni tu. Ama wewe ndiye unauogopa?"

Watu walicheka. Nilikuwapo, nilikuwa nimewapelekea uji.

Mwezi uliotangulia Mutahi alikuwa ameleta mbuzi wa kwanza wa mahari yangu. Kwetu mkwe hambishii baba mkwe hadharani. Hata kula mbele yake ni aibu. Alijua kwamba mzizi uliofukiwa huoza na kuacha tundu, na kwamba tundu ndani ya tuta ni njia ya maji. Alijua, na alinyamaza. Jioni mizizi ilikuwa imefunikwa.

Tulioana. Kila Jumapili kabla ya ibada alishuka hadi upande wa chini wa tuta, mahali penye unyevu, akakinga maji kwenye chupa. Maji yanayopenya yakiwa safi, tuta ni zima. Yakija na udongo, yanalila kutoka ndani. Kwa zaidi ya miaka arobaini yalikuwa safi, nami nikadhani ni mazoea ya mtu mwangalifu.

Machi 2022 aliiweka chupa mezani na kuketi bila kuombea chai. Sikuwa nimewahi kuona hivyo. Ndani ya chupa udongo mwekundu ulikuwa umetulia, kina cha kidole kizima.

"Mama Wakonyo," alisema, "tuta linaliwa."

"Linaliwa na nani?"

"Na mimi."

Alikwenda kwa Muriithi, mwenyekiti wa sasa wa kamati ya maji, akaomba bwawa lipunguzwe hadi nusu. Muriithi, ambaye hunyunyizia kabeji zake maji hayo, alimcheka.

"Injinia, hiyo ni jasho tu! Hata ukuta ya nyumba yangu hutoa jasho. Wewe unalinda hii bwawa kama ng'ombe ya maziwa."

Basi Jumapili iliyofuata mume wangu alisimama kanisani. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumtaja kwa kosa. Akasema, "Niliacha mizizi ndani ya tuta kwa kuwaogopa watu. Kosa ni langu." Hakumtaja baba yangu. Vali ilifunguliwa, maji yakashuka hadi nusu, na tangu siku hiyo kuna waliomwita mhandisi wa kubahatisha. Alilivumilia jina hilo hadi kaburini.

Sasa mvua zimekosekana misimu miwili. Muriithi amefungua kumbukumbu za kanisa za mwaka wa 1977. Zimeandikwa kwa mkono wa baba yangu, nazo zinasema, "Mizizi yote iliondolewa." Kwa hiyo kamati imeamua kwamba yale maneno ya Mutahi yalikuwa ya mzee aliyechanganyikiwa, na kwamba bwawa lijazwe tena. Walimleta fundi, akalipiga teke tuta lililokauka na kusema ni gumu kama mwamba.

Binti yangu Wakonyo, ambaye humwita babu yake Guka, aliniomba ninyamaze. "Mama, ukisema Guka aliandika uongo, utamchafua yeye na Baba pamoja."

Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja, na jina la nyumba yetu sijawahi kuliacha lichezewe. Nilifikiria ombi lake siku nne. Baba yangu alikuwa mtu mwema. Aliandika vile kwa sababu alidhani ni jambo dogo. Mume wangu alimfichia hilo kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo inayowafanya watu leo waamini kitabu cha kumbukumbu kuliko yeye.

Nayaandika haya yabandikwe kwenye mlango wa kanisa, nami nimetia sahihi: mizizi haikuondolewa. Niliiona ikifukiwa. Baba yangu aliamuru, mume wangu akatii.

Vali ilifungwa Jumatatu ili bwawa lijae. Jumatano mvua ikaanza kunyesha mlimani, na haijakatika. Asubuhi hii nilikwenda mwenyewe na bakora yangu hadi chini ya tuta. Pale palipokuwa na unyevu tu, sasa maji yanatiririka, na ni mekundu.