Mama Vigae na Pande Mbili Zilizosahaulika

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mama Vigae amepiga magoti ndani ya darasa la watu wazima, sikio karibu liguse sakafu. Anagonga kigae kwa nyundo ya mpira, anasikiliza, anagonga tena.

"Kinavuma kama debe tupu," anasema, akikibandua. "Gundi haijashika. Nikikiacha hivi, mwezi ujao mtanitafuta."

Kazi yenyewe si kubwa: vigae sitini na vinne tu, mbele ya ubao. Lakini anaifanya kwa madaha, na ana haki.

Ana miaka arobaini na tatu. Kumi na tisa kati ya hiyo ameila kwa magoti. Shule aliiacha kidato cha pili, mama yake alipougua. Hesabu za ujenzi alijifunzia kazini, na kwa muda mrefu zilimtosha.

Mpaka siku ya sebule. Ilikuwa ya mraba, mita sita kwa sita. Mwenye nyumba akaitanua mita mbili kwa urefu na mita mbili kwa upana, akataka yote iwekwe vigae vipya. Mama Vigae akapiga hesabu chapuchapu: sita mara sita, thelathini na sita, mbili mara mbili, nne. Akaagiza vya mita za mraba arobaini.

"Nikaweka vya sebule ya zamani, nikaweka vya kona mpya, nikasimama kuangalia. Pande mbili nzima ziko uchi! Nilitamani ardhi inimeze."

Dukani, rangi ile ilikuwa imekwisha. Alifukuzwa mbele ya mafundi wenzake, na maneno yakasambaa: yule mama apewe mwiko, asipewe futi ya kupimia. Tangu hapo wanampimia wengine, hata aliowafundisha kazi yeye.

Cheti cha usimamizi kingemrudishia futi yake, ila hakitolewi bila kufaulu hisabati. Amefeli mara mbili. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Yeye amerudia, na hafichi.

Mwaka huu mwalimu aliandika ubaoni (a + b)², akauliza mabano yakifunguliwa tunapata nini. Darasa zima likaitikia: a² + b². Mama Vigae akainuka.

"Mwalimu, hiyo si sebule yangu hiyo? Mmesahau pande mbili! Kila upande ni a mara b."

Wakacheka. Akaenda ubaoni akaichora: thelathini na sita, kumi na mbili, kumi na mbili tena, na nne kwenye kona. Sitini na nne. Wakaanza kunakili.

"Nimefundisha miaka saba," anasema mwalimu. "Sijawahi kuona darasa likielewa haraka vile. Nikamwambia, mama, tuwekee hiyo sakafuni."

Ndiyo kazi ya leo: mraba wa bluu, pande mbili nyeupe, kona nyekundu. Binti yake, aliyemletea chai, anaitazama kwa wasiwasi.

"Mama, si mtihani wako ni Jumatatu, humu humu? Watasema umeandika jibu sakafuni."

Mama Vigae anacheka mpaka mwiko unamponyoka.

"Waifunike kwa zulia, mwanangu. Nimeitandika kigae kwa kigae, nitaisoma hata nikifumba macho."

Anafuta vumbi kwenye kona nyekundu, anainuka taratibu, mkono kiunoni. Amesikia mwenye sebule ile anataka kuongeza baraza. Akipata cheti, mlango wa kwanza kubisha ni ule.

"Nitamwekea vigae vyake vizuri tu, sina kinyongo," anasema. "Lakini safari hii futi nashika mimi."